GTX 770M kwenda 970M au 980M: chaja ya wati 180 itabeba? Na kloki nipandishe kiasi gani?

SlotiYaMXM

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela yangu.

Nina laptopu ya gemu ya siku nyingi: prosesa Core i7-4700MQ, RAM GB 16, kadi ya grafiki GTX 770M yenye memori ya GB 3. Bahati nzuri kadi haikuchomelewa kwenye mazabodi. Nimeifungua nikaiona kwa macho yangu, imelala kwenye sloti ya MXM, ile ya kadi za laptopu zinazochomolewa, imeshikwa na skrubu mbili upande mmoja, na juu yake kuna kipoza joto cha shaba chenye mirija miwili inayoelekea kwenye feni. Chaja yake imeandikwa 19.5V, 9.23A.

Kinachonisukuma kubadili ni kwamba gemu kadhaa mpya hazifunguki kabisa, zinagoma mlangoni zikidai kadi haifikii kiwango cha DirectX 12 zinachotaka. Zinazofunguka nazo zinachezeka kwa shida. Nimepata watu wawili wanaouza kadi zilizotumika, mmoja ana GTX 970M ya GB 6, mwingine GTX 980M ya GB 8. Moyo wangu uko kwa 980M, halafu niipandishe kloki (kasi ya chipu) hadi pale itakapogoma. Kwenye MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, kitelezi cha kikomo cha umeme kimepauka, hakisogei hata kidogo. Nikiweka kadi mpya kitafunguka? Na chaja hii itabeba?

Bi_Saketi

Karibu sana ndugu. Chukua 970M, hiyo 980M mwachie mwenye chaja kubwa. Ni kadi nzuri mno, ila hapo unapotaka kuiweka umeme hautoshi. Nafanya kazi ya kutengeneza laptopu, kadi za MXM zimepita nyingi mikononi mwangu, na karibu kila anayekuja anauliza MHz kwanza. Uliza wati kwanza.

19.5 mara 9.23 ni wati 180. Hizo si za kadi peke yake. Chaja ni mfuko mmoja na wote wanachota humo: prosesa, kadi, skrini, RAM, diski, feni, na chochote ulichochomeka kwenye USB. Prosesa yako imeandikiwa wati 47, lakini hizo ni za mwendo wa muda mrefu. Ikikimbia turbo, kwa muda mfupi inaruhusiwa kuvuka hapo, mpaka karibu wati 59. Skrini na wenzake wape wati 25 kwa makisio ya tahadhari. Sasa ongeza 980M inayokula kama wati 100 ikibanwa: 59 na 25 na 100 ni 184. Umeshavuka chaja kabla hata ya kugusa kloki, na hapo sijahesabu umeme unaogeuka joto pale mazabodi inaposhusha volti 19.5 hadi volti moja hivi inayotumiwa na chipu. Fanya hesabu hiyohiyo kwa 970M, ambayo inakaa karibu na wati 75 kama hiyo 770M yako ya sasa, unapata 159. Hapo pana nafasi ya kupumua, na nafasi hiyo ndiyo utakayoitumia kupandisha kloki.

Kuhusu sloti: MXM 3.0 ina maumbo mawili. Aina A ni mm 82 kwa 70 na imepangiwa hadi wati 55, Aina B ni mm 82 kwa 105 na imepangiwa wati nyingi zaidi. Ya kwako kwa vyovyote ni B maana 770M haiingii kwenye A. Lakini hizo ni za sloti kwa mujibu wa kanuni. Aliyetengeneza laptopu yako aliweka vifaa vya umeme kwa ajili ya kadi alizokusudia kuuza nazo, na huenda hakufika kikomo hicho.

Kitelezi hakitafunguka. Kwenye laptopu kikomo cha wati kimeandikwa ndani ya vBIOS, programu ndogo iliyomo kwenye kadi yenyewe, na mara nyingi cha chini na cha juu ni namba moja. Afterburner inaheshimu kilichoandikwa humo. Fungua dirisha la amri uandike nvidia-smi -q -d POWER: kwenye kadi nyingi za laptopu za enzi hizo utakuta N/A tupu. Utakachoweza kusogeza ni kloki ya chipu na kloki ya memori. Kwa 970M na 980M vBIOS ya kiwandani inakuruhusu kuongeza hadi MHz 135 kwenye chipu, zaidi ya hapo inakataa.

Gemu zinazogoma zitafunguka. 770M ni ya kizazi cha Kepler, inaishia kiwango cha 11_0 cha DirectX, wakati 970M ni ya kizazi cha Maxwell ya pili, inafika 12_1. Ila usinunue ukidhani utapata draiva mpya milele. Tawi la draiva la 580 ndilo la mwisho la Nvidia kuhudumia Maxwell na kizazi kilichofuata, Pascal, kwa gemu.

Joto100

Mimi nasema laptopu iachwe ilivyotoka kiwandani. Kadi ya mezani ina feni tatu na kesi pana, hii imebanwa kwenye sanduku jembamba na mirija miwili. Hata Nvidia wenyewe waliwahi kufunga mambo ya kupandisha kloki kwenye laptopu, na wao ndio wanaoijua kadi yao. Ndugu, weka kadi, cheza, basi.

Bi_Saketi

Joto100, hofu yako naielewa na kwenye laptopu nyingi ningekuunga mkono. Ila hilo la Nvidia lina mwisho wake. Ni kweli, mapema 2015 draiva zao zilizima kupandisha kloki kwenye kadi za 900M, wakasema ilikuwa imeachwa wazi kimakosa. Watu waliokuwa wamenunua laptopu kwa ajili hiyohiyo walilalamika sana, na Nvidia wakaahidi kuirudisha, ikarudi kwenye draiva ya mwezi uliofuata. Kwa hiyo haijafungwa.

Na kwenye laptopu, joto kwa kawaida linakuja nyuma ya umeme. Chipu inakula umeme kwa kufuata kloki mara volti mara volti tena. Tazama: ukipandisha kloki asilimia 10 huku volti imekaa palepale, ulaji unaongezeka kama asilimia 10. Lakini kama kloki hiyo inadai volti nayo ipande asilimia 8, ulaji unaruka karibu asilimia 28. Fremu ulizopata ni zilezile za asilimia 10, pengine pungufu, na joto lote la ziada linaishia kwenye mirija miwili uliyoitaja. Ndiyo maana mimi siongezi volti kwenye laptopu ya mtu, hata akiniomba vipi. Kloki kidogo kwa volti ileile, hiyo nafanya bila wasiwasi.

Mzee_wa_Fremu

Bi Saketi umesema kweli tupu. Nichangie kwa wenye laptopu za karibuni ambao kadi zao zimechomelewa na hawana cha kubadili.

Mimi natumia RTX 3060 ya laptopu. Watu wengi hawajui kwamba jina hilo peke yake halielezi kitu. Nvidia waliwaruhusu watengenezaji kuipa wati kuanzia 60 hadi 115. Laptopu mbili zina kibandiko kilekile cha 3060, moja inakimbia na nyingine inatambaa, na tofauti ni wati tu. Mtu akiniuliza laptopu gani anunue namwambia atafute namba ya wati kwenye maelezo, na isipoandikwa amuulize muuzaji mpaka aitoe.

Ya kwangu imepewa wati chache. Nilichofanya ni kushusha volti. Kuanzia kadi za Pascal za 2016 Afterburner inakuonyesha mchoro wa volti na kloki, unabonyeza Ctrl+F. Nilishika nukta ya milivolti 800, nikaiinua hadi MHz 1750, kisha nikalaza mstari wote wa kulia kwake uwe bapa ili kadi isipande volti zaidi ya hapo. Kadi ilikuwa inahangaika, inapanda inashuka kwa sababu inagonga kikomo cha wati kila mara. Sasa imetulia, na kwa wati zilezile kloki yangu ya kawaida imekuwa juu kuliko zamani. Nimeongeza kasi kwa kupunguza volti.

Bi_Saketi

Mzee wa Fremu, asante, hilo ni jambo ambalo ningependa kila mwenye laptopu mpya alijue. Niongezee kitu kimoja tu: kwenye kadi hizo za RTX 30 na 40 kuna Dynamic Boost, yaani prosesa ikiwa haina kazi nyingi, wati zake zinahamishiwa kwenye kadi, 15 au hata 25. Kwa hiyo ukiibana prosesa kidogo, kadi inaneemeka yenyewe.

SlotiYaMXM, mchoro huo wa volti kwenye 970M hutaupata, ulikuja baada yake. Prosesa yako ndiyo utakayoibana. Ni ya kizazi cha Haswell, inakubali kushushwa volti kwa programu ya ThrottleStop. Anza na milivolti 50 chini kwenye kori na kache, na weka kikomo cha muda mrefu wati 40. Gemu nyingi hutaona tofauti ya fremu, na chaja itakushukuru.

SlotiYaMXM

Nimewaelewa sana. Nimechukua 970M, imeshafika, ipo mezani kwenye mfuko wake. Imenishtua kidogo: chipu yake ni kubwa waziwazi kuliko ya 770M. Kipoza joto cha zamani kitafaa kweli? Na nianze wapi?

Bi_Saketi

Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kukaza skrubu. Macho yako hayakukudanganya. Chipu ya 770M ni GK106, ina milimita za mraba 221. Ya 970M ni GM204, ina 398, karibu mara mbili. Eneo la shaba linalogusa chipu lazima liifunike yote. Laptopu nyingi za ukoo wako ziliuzwa pia na 780M yenye chipu kubwa, na kipoza joto chake kinaingia mahali palepale. Ukikipata hicho, kitumie badala ya hicho ulicho nacho.

Kabla ya chochote, chomoa betri kutoka mazabodi, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha ukishikilie kidogo ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma kilichoungwa na ardhi. Kisha fanya jaribio la mguso, na hapa usiwe na haraka. Paka pesti ya joto nyembamba juu ya chipu, weka pedi za joto kwenye memori na kwenye vile vifaa vya umeme vilivyo pembeni, kalisha kipoza joto, kaza skrubu nne kwa msalaba, kidogo kidogo, halafu zifungue tena. Inua polepole uangalie alama. Kwenye chipu pesti iwe imesambaa hadi pembeni na kuwa nyembamba katikati, kiasi cha kuona chipu kwa chini. Kwenye kila pedi paonekane alama ya mraba ya kitu ilichokibonyeza. Pedi isiyo na alama ina maana haigusi, weka nene zaidi. Na kama pedi zina alama nzuri lakini pesti katikati ya chipu imebaki nene, pedi ndizo zinazokiinua kipoza joto, weka nyembamba. Unene wa kawaida ni nusu milimita, moja, na moja na nusu, kwa hiyo uwe na za aina zote karibu. Wengi hutazama chipu tu wakasahau vifaa vya umeme, na ndivyo vinavyoungua kadi ikipandishwa kloki, kwa sababu havina kipimajoto unachoweza kukisoma.

Ukiwasha mara ya kwanza kuna mambo matatu yanaweza kukutisha. Skrini ikibaki nyeusi, ingia BIOS kwa skrini ya nje na uruhusu kuwaka kwa mtindo wa zamani, maana baadhi ya kadi za MXM vBIOS yake haina sehemu ya UEFI. Feni ikivuma kwa nguvu zote au isizunguke kabisa, chipu inayosimamia feni haisomi joto la kadi ngeni. Ikivuma unaweza kuvumilia, isipozunguka zima papo hapo usiendelee. Na draiva ikisema haikuona kadi inayofaa, ni kwa sababu utambulisho wa kadi yako na wa laptopu yako havimo pamoja kwenye faili la INF, orodha ya kadi ambazo draiva inazikubali. Safisha draiva ya zamani kwa programu ya DDU, ongeza mstari wa utambulisho huo kwenye INF, zima ukaguzi wa saini ya draiva kwa muda, kisha sakinisha.

Usipandishe kloki siku hiyohiyo. Cheza kwanza ilivyo, ujue joto lake la kawaida na alama zake kwenye 3DMark Fire Strike, jaribio la kupima nguvu ya kadi. Bila namba hizo hutakuwa na cha kulinganishia.

SlotiYaMXM

Imewaka! Skrini ilikuwa nyeusi kama ulivyosema, mtindo wa zamani wa BIOS umeiponya. Kipoza joto cha 780M nilikipata, pedi mbili hazikuwa na alama, nimeweka nene. Gemu zilizokuwa zinagoma zinafunguka, na joto halivuki 74.

Sasa kloki. Kwa +135 kadi inasoma 1173 kutoka 1038, lakini baada ya muda mfupi inashuka, inapanda, inashuka, na programu ya GPU-Z sehemu ya PerfCap Reason (sababu ya kadi kubanwa) inaandika Pwr. Kwa +80 inakaa imenyooka. Kuna vBIOS zilizohaririwa mtandaoni zinazoinua kikomo cha wati kwa kadi hii. Niiweke nipate +135 kamili?

Bi_Saketi

Hongera, na hiyo 74 ni nzuri sana kwa laptopu ya umri huo.

Usiiweke. Pwr maana yake kadi imefika kwenye wati ilizoandikiwa. Ingekuwa Thrm ingekuwa joto, na hilo ungelitatua kwa pesti au feni. VRel ingekuwa kadi imefika kikomo cha volti inayoruhusiwa. Wewe umepata jibu safi kabisa: joto lipo sawa, volti ipo sawa, wati zimeisha. vBIOS iliyohaririwa itaisukuma kadi ichukue zaidi kwenye sloti, kwenye vifaa vya umeme vya mazabodi vilivyozeeka, na kwenye chaja ileile ya 180. Kadi ikiungua unanunua nyingine. Mazabodi ikiungua kwenye njia ya umeme wa sloti, laptopu imekwisha. Na uandishi wa vBIOS ukikatikia njiani, kuirudisha kunahitaji CH341A, kifaa cha kuandikia chipu, na klipu ya kubana chipu ya miguu minane. Mimi ninavyo na navitumia kazini, lakini sitamwambia mtu aingie huko kwa ajili ya MHz 55.

Maana ndizo tu unazogombania. Kutoka 1118 hadi 1173 ni chini ya asilimia 5, na kwenye gemu hutazihisi. Kloki iliyonyooka kwenye 1118 inakupa mchezo laini zaidi kuliko inayorukaruka kati ya 1173 na chini ya hapo, kwa sababu jicho linaona kukwama kabla ya kuona wastani.

Baki na +80. Kwenye memori unaweza kusogea: panda MHz 50 kwa 50 na kila hatua upime Fire Strike. Usingoje madoa kwenye skrini ndipo uridhike kwamba umefika mwisho. GDDR5, yaani memori ya kadi hii, inatambua makosa ya data na kuituma upya, kwa hiyo ukivuka mahali inapopenda picha itabaki safi ila alama zitaanza kushuka. Zikishuka rudi hatua mbili.

Na jambo la kupima leo jioni: cheza gemu nzito kwa nusu saa na chaja ikiwa imechomekwa, betri ikiwa imejaa, kisha tazama asilimia. Ikiwa imeshuka, chaja imezidiwa na betri inaziba pengo, punguza kikomo cha prosesa kutoka 40 hadi 37.

SlotiYaMXM

Nimecheza saa nzima badala ya nusu. Betri 100 mwanzo, 100 mwisho. Chipu +80, memori nimeishia +250 baada ya alama kuanza kushuka kwa +350. Asante dada, na wewe Mzee wa Fremu. 770M ninayo bado, ni nzima, nimeirudisha kwenye mfuko wake pamoja na kipoza joto chake. Mwenye laptopu ya MXM ambayo kadi imekufa aseme hapa.